Nta ya Sikio la Kulia

Ukikaa kushoto kwangu usinipe siri, utaipoteza bure. Wajukuu wangu wamekwisha kujua: mwenye shida na mimi huja kulia, mwenye kunisengenya hujikalia kushoto na kunisengenya kwa raha zake. Sikio hilo la kushoto lilikufa zamani, wala halikufa kwa ugonjwa. Nililiua mwenyewe, kwa mchezo, nikiwa kijana mwenye misuli mingi na akili chache. La kulia ni zima mpaka leo. Mjusi akipita darini namsikia. Na kila nikikumbuka jinsi lilivyoponea chupuchupu, mwili hunisisimka.

Nilikuwa nimerudi kutoka vita vya Burma. Jeshini nilifundishwa mambo mengi ya kipuuzi na moja la maana, kulenga. Basi nyumbani Masama nikawa napalilia kahawa ya baba siku za juma, na kila Jumamosi nateremka Moshi kwa lori kufanya kibarua kwenye klabu ya Wazungu ya kulenga shabaha. Uwanja wao ulikuwa chini ya mji, kwenye mbuga ya njia ya Mabogini, huko jua linakopiga mpaka udongo unapasuka. Kazi yangu ilikuwa kukaa handakini chini ya shabaha, kuzipandisha na kuzishusha, na kuonyesha kwa kibao chenye mpini mrefu mahali risasi ilipoingia. Risasi zilipita juu ya kichwa changu, ta! ta!, kama mtu anayekuvunjia kuni kavu sikioni.

Katibu wa klabu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye shamba la mkonge, shingo nyekundu, moyo mzuri na mdomo mchafu. Siku moja alinikuta naifuta bunduki yake, akatazama mikono yangu, akajua kwamba huyu si mgeni wa kitu hiki. Wenzake walipokwenda kunywa chai akanipa risasi kumi. Nikalala kifudifudi, nikapiga. Tisa zilikaa kwenye weusi wa katikati. Tangu hapo, kila Jumamosi jioni nilikuwa na risasi zangu kumi, bure, za kujifurahisha tu.

Jamani, nisiwadanganye, nilikipenda kitu kile. Saa hiyo ya jioni ndipo Kibo anapojifunua. Mchana kutwa amejifunika mawingu kama mwali, kisha ghafla yuko pale, mkubwa, mweupe, karibu mpaka unaogopa. Nilikuwa nikilala chini, napumua, naacha kupumua, nasikia moyo wangu ukigonga ardhini kupitia kifuani, kisha nabonyeza. Dunia nzima inapasuka. Halafu kimya kinarudi, na mlima uko palepale, haujatikisika hata unywele. Nilijiona mdogo sana na nikafurahi kuwa mdogo. Sijui kama unanielewa.

Baada ya risasi ya kumi masikio yalikuwa yanalia. Nyiiii! Mwanzoni mlio huo uliisha kabla lori halijanifikisha nyumbani. Baadaye ukawa unaisha Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, nikadhani ni neema. Kisha ukaanza kunifuata mpaka Jumatatu shambani. Nikauzoea. Mtu huzoea chochote, hata nyenje kichwani.

Sasa nikueleze baba yangu. Baba alikuwa msikilizaji wa mfongo wetu. Mfongo ni mfereji wa maji waliouchimba mababu kutoka mtoni, juu msituni, wakauzungusha vilima na mabonde mpaka kwenye vihamba vyetu, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Bila huo hakuna mgomba, hakuna kahawa, na ng'ombe analia zizini. Adui yake mkubwa ni fuko, yule mnyama asiye na haya. Anachimba njia zake chini ya ukingo, maji yanadumbukia humo na kupotelea ardhini, na juu huoni kitu ila majani makavu. Ukichimba ovyo kumtafuta, unaubomoa mfongo wote. Kwa hiyo panahitajika mtu mmoja wa kusikiliza. Anatembea ukingoni na fimbo ndefu ya mringaringa, anaichomeka ardhini hapa na pale, anasikiliza maji yanaanguka wapi, kisha anasema, chimbeni hapa. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wetu tangu mababu.

Ajabu ni kwamba baba alikuwa kiziwi. Katika vita vya Mjerumani na Mwingereza alichukuliwa kubeba mizigo, na huko mzinga mkubwa ulilipuka hatua chache kutoka aliposimama. Masikio yote mawili yakatoka damu. Alirudi nyumbani hasikii jogoo. Na bado, kwa miaka thelathini, hapakuwa na tobo la fuko lililomshinda. Alipofika mahali alipopashuku alijifunika blanketi zito, yeye na fimbo yake, akakaa humo kitambo, akatoka na kuonyesha kwa kidole. Wengine walisema ana jini la maji. Mchungaji wetu, ambaye naye alikuwa na kahawa ya kumwagilia, alisema ni kipaji cha Mungu na akaomba watu wasiulize sana.

Viziwi wengi hupiga kelele. Baba alinong'ona. Ukitaka akusikie ilikupasa ukamfokee karibu kabisa na sikio, na nani atamfokea baba yake mzazi? Kwetu hilo ni jambo la laana. Kwa hiyo mama na mimi tuliongea naye kwa mikono, kwa macho, kwa kuchora chini na kijiti. Maisha yangu yote sikuwahi kumpigia baba sauti hata mara moja.

Jumatatu moja tulikuwa sote wawili kwenye mfongo, tunaondoa majani. Maji yalikuwa yanapita miguuni petu, na mimi nikamuuliza kwa mikono: je, leo nyenje wamewahi kuamka? Maana nilisikia nyiiii kila upande. Baba akanitazama. Nilikuwa nimesahau kwamba hasikii nyenje; lakini yeye alijua saa za nyenje kuliko mimi, na asubuhi ya baridi vile hakuna nyenje anayelia. Akanishika mkono, akaniketisha.

"Mlio huo uko kichwani mwako," akasema kwa mnong'ono wake. "Tangu lini?"

Nikamwonyesha: tangu bunduki.

Kisha akafungua mdomo wake mbele yangu akanihesabia meno kwa kidole. Mbele yalibaki matatu, mawili juu na moja chini, yote yanacheza. Akachukua ile fimbo ya mringaringa, akaichomeka ukingoni, akainama, akaing'ata. Akafumba macho. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu anayesikia wimbo wa utotoni. Akaniita nami niing'ate.

Niliing'ata. Ee Mungu wangu! Maji yaliingia kichwani. Hayakupitia masikioni, yalipanda kwenye mti, yakashika meno, yakajaa fuvu zima. Nilisikia yakikwaruza mchanga, nilisikia jiwe dogo likibingirika chini, nilisikia mahali yanapokaza mwendo na mahali yanapolegea. Nilimtazama baba nikiwa nimeuma fimbo kama mbwa mwenye mfupa, machozi yananitoka, naye anacheka bila sauti. Kumbe miaka thelathini mzee huyu, chini ya blanketi lake, alikuwa anasikia kuliko sisi sote!

"Mzinga ulinivunjia mlango tu," akasema. "Mwenye nyumba yumo ndani, mzima. Ukimgongea kwa dirishani anaitika." Akagonga meno yake kwa ukucha. "Lakini nilikuwa na mwenzangu kule vitani, alikaa siku nyingi karibu na bunduki ndogo zinazopiga mfululizo. Yeye alikuwa na mlio kama huo wako. Masikio yake hayakutoka damu hata tone. Baadaye nilimpa mti auume, nikagonga upande wa pili. Hakusikia kitu. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufa. Utagonga dirisha la nani?"

Baba akaendelea kusema kwamba meno yake hayamalizi mwaka. Yakianguka, anayeng'ata fimbo ni mimi, sina ndugu wa kiume. Nisipoweza, wazee wataipa fimbo ukoo mwingine, na hao wengine hawakuwahi kufundishwa, watachimbachimba mpaka mfongo ufe. Hakuniambia niache bunduki. Alikuwa ameona uso wangu Jumamosi jioni ninaporudi, na baba alikuwa mtu wa haki. Aliniambia tu: "Ziba."

Ziba! Neno jepesi. Kuziba kwa kitu gani? Basi nikaanza kutafuta, na utafutaji huo ulikuwa kichekesho cha nyumba nzima.

Pale klabuni nilishaona Wazungu wawili watatu wakijichomeka maganda matupu ya risasi masikioni. Nikaokota mawili nikajaribu. Baba akatunga mtihani: nikae nimempa mgongo, masikio yamezibwa, yeye aache mnong'ono wake, asimame mlangoni na kunitukana kwa sauti. Nikigeuka, kizibo hakifai. Ndiyo siku nilipojua baba yangu, mzee wa kanisa, alikuwa na hazina ya matusi iliyokaa miaka thelathini bila matumizi.

"Mwizi wa ndizi mbivu!" akasema. Nikageuka. Maganda hayo ni ya shaba, yanaingia vibaya, yanachubua, na bunduki ikilia nayo yanaitikia kama kengele. Nikayatupa.

Nikajaribu pamba. "Kichwa kama mtungi wa mbege!" Nikageuka. Pamba inazuia vumbi, haizuii mlio. Nilienda nayo uwanjani Jumamosi moja nikarudi na nyenje walewale. Nikajaribu sufi iliyotoka kwenye mto wa mama. Hiyo inaingia laini na kukutekenya, lakini ukiivuta nusu inabaki ndani, na mama aliponiona nampasulia mto wake alinitukana matusi yasiyokuwa ya mtihani.

Sasa sisi Wachaga, ukitupa shida yoyote ile, kwanza tutakimbilia mgombani. Mgomba unatulisha, unatuezekea, unatupa kamba, unalisha ng'ombe. Nikasema, sikio nalo litashindikana? Nikakata mgomba mchanga, nikatoa ule moyo mweupe wa ndani, laini, wa baridi, nikauchonga kwa kisu mpaka ukakaa sikioni kana kwamba umezaliwa humo. "Ulizaliwa siku ya mvua ya mawe!" akasema baba, kama mama alivyonisimulia baadaye. Sikugeuka. Nilishangilia! Nikakaa navyo jioni nzima nikijisifu. Mpumbavu mimi, mtoto wa kihamba, nilisahau jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu aliyewahi kuchafua kanga yake analijua: utomvu wa mgomba ukikauka ni gundi, na doa lake ni la milele. Vizibo vilinasa. Mama alinilaza mapajani mwake nikiwa mwanamume niliyepigana Burma, akanitilia samli ya vuguvugu tone kwa tone, akavitoa vipande kwa kijiti huku akicheka mpaka anashindwa kushika kijiti. Jumapili nilienda kanisani na masikio meusi kama masizi. Kwaya nzima ilijua.

Aliyepata jawabu ni mama huyohuyo. Alikuwa anaziba ufa wa kibuyu chake cha maziwa kwa nta ya nyuki. Akanitazama, akatazama kibuyu. "Kibuyu kikivuja naziba kwa nta," akasema. "Na kichwa chako hicho ni kibuyu, tena kitupu."

Nta peke yake ilikuwa na tabia zake. Asubuhi ya Masama ni ngumu kama jiwe, lazima uifutike kwapani kwanza ilainike. Ukifika nayo mbugani chini ya Moshi, jua linaiyeyusha inakutiririka shingoni. Nikakaa na mama tukachanganya: nta, samli kidogo sana, na sufi iliyochambuliwa kuishika isiyeyuke. Ukiifinyanga inafuata kila kona ya sikio lako, kwenye sikio la mtu mwingine haiingii. Nilipoijaribu kando ya maporomoko madogo ya mfongo, maji yaliendelea kuanguka mbele ya macho yangu bila sauti. Nilisimama pale nikiyatazama yakianguka kimya, nikaogopa. Hivi ndivyo baba alivyoyaona kwa miaka thelathini. Nikaitoa nta upesi, na maji yakanirudia kwa kishindo nikaona raha ya ajabu.

Baba alinitukana mara saba siku hiyo, sikugeuka hata mara moja.

Ingeishia hapo ningekuwa na masikio mawili. Lakini mwanadamu! Wiki mbili baadaye walikuja wageni wa klabu kutoka upande wa Kenya, wakashindana na wenyeji. Baada ya mashindano katibu akawaambia ana Mchaga anayelenga kuliko wao wote. Hawakuamini. Akaniita. Nikalala kwenye mstari, Mzungu mmoja kulia kwangu, mwingine kushoto, tupige pamoja. Nikatoa nta mfukoni. Yule wa kushoto akaniona akacheka, akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "Askari gani huyu, anaziba masikio kama bibi kizee?" Wote wakacheka. Hata katibu alicheka.

Nikairudisha nta mfukoni. Ndiyo. Mama yangu ameifinyanga, baba yangu ameijaribu kwa matusi saba, na mimi nikairudisha mfukoni kwa sababu mtu nisiyemjua amecheka. Nikapiga ishirini, nikawashinda. Katika risasi ya kumi na kitu yule wa kushoto alirudi nyuma kidogo na kunisogelea, mdomo wa bunduki yake ukawa chini ya hatua mbili kutoka kichwani mwangu. Alipopiga nilihisi kofi. Upande wa kushoto wa dunia ukajaa sufi. Wakanipa mkono, wakanipa bia, nikarudi nyumbani na kuwaambia wazazi wangu kwamba nta ilifanya kazi vizuri sana.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Asubuhi moja pembe ikalia kijijini, nami nilikuwa nimelala ubavu wa kulia, sikuisikia; mama ndiye aliyenitikisa. Maji yamekatika. Kule juu, mtoni, yanaingia mfongoni kama kawaida, huku chini hakuna hata tone. Tulipanda wanaume wote na majembe, baba mbele na fimbo na blanketi lake. Wazee wa ule ukoo mwingine walikuwepo pia, wanamtazama baba anavyopumua kwa shida kwenye mwinuko.

Tulipofika mahali ukingo unapopinda, baba akachomeka fimbo, akajifunika. Tukangoja. Blanketi likatikisika. Kisha akatoka, mkono mdomoni, na vidoleni ameshika jino. Damu ilimtoka kwenye ufizi. Akajaribu tena na yale mawili yaliyobaki, lakini yote yalikuwa juu, na mti huwezi kuuma kwa upande mmoja. Akasimama mbele ya watu wale, na kwa mara ya kwanza nikaona baba yangu hajui la kufanya. Mzee mmoja wa ule ukoo mwingine akasogea na kunyoosha mkono aipokee fimbo.

Baba akanipa mimi, na blanketi pia.

Ndani ya blanketi kulikuwa giza na harufu ya tumbaku yake. Jambo la kwanza, kabla halijanifunika sawasawa, niliweka fimbo sikio la kushoto, sijui kwa nini, labda nilitaka kujua. Hakuna. Nikaigonga kwa kucha huku nimeibana na sikio. Hakuna. Nikaiuma. Nyenje wakanijaa, nyiiii, wakafunika kila kitu, nikawaza: nimemuua mwenye nyumba, nimemuua kwa kuchekwa tu. Nje walikuwa wanangoja wanaume wa vihamba thelathini na kitu, na ng'ombe wao, na kahawa yao iliyoanza kunyauka.

Nikasali. Sikusali vizuri, nilisema tu, tafadhali, tafadhali. Nikatulia kama ninavyotulia kabla ya kubonyeza. Nikatoa pumzi, nikaacha kupumua. Moyo ukagonga. Na chini ya nyenje, mbali kabisa, upande mmoja tu wa kichwa, upande wa kulia, kitu kikaanguka. Kikaanguka tena. Maji yalikuwa yanadondoka gizani, kwenye shimo. Upande wa kushoto kulikuwa kama chumba kilichofungwa na mtu aliyehama. Lakini wa kulia alikuwa yumo, mzima, anaitika! Sijawahi kusikia kitu kizuri kama maji yale. Nilibaki nimeuma fimbo kupita inavyohitajika, nayasikiliza tu.

Nilihama mara tatu na blanketi langu, yakazidi kukaribia. Mara ya nne nikatoka nikaonyesha. Wakachimba. Kwenye kina cha goti jembe likadumbukia, na hapo palikuwa na njia za fuko zimepishana kama matumbo, maji yanazama humo kwa kasi. Wakashindilia udongo, mawe na magome ya migomba. Kabla ya jua kusimama utosini, maji yalikuwa yanateremka kwenda nyumbani, na watu walikuwa wanayakimbilia pembeni wakipiga vigelegele kama wanawake. Yule mzee wa ukoo mwingine alinipa mkono. Baba hakunipa mkono. Alikuwa ameniona, pale nilipoanza kujifunika, niliweka fimbo sikio gani.

Nilikuwa na jambo la kumwambia baba, na sikuwa na njia. Kumfokea sikioni siwezi. Kwa mikono, utasemaje kwa mikono, "ulinipa nikaweka mfukoni"? Usiku wote nilijigeuza kitandani. Alfajiri nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo kama wanavyofanya watu wa kwetu tangu zamani mtu anapoomba radhi kwa kosa zito. Ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu. Nikampelekea baba alipokuwa amekaa na uji wake, nikapiga goti, nikaliweka mkononi mwake. Kisha nikagusa sikio langu la kushoto, nikatikisa kichwa.

Alilishika lile jani muda mrefu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaelewa yote, akasema polepole, "Sikio la kufa halisikii dawa," na sauti yake haikuwa ya kunisuta. Baba akalifungua fundo. Akalichomeka jani kwenye ukuta juu ya kichwa chake, likae hapo. Akamaliza uji wake.

Jumamosi ilipofika sikuvaa nguo za safari. Nilijua siendi tena. Lakini baba akaja chumbani kwangu na ile nta mkononi. Alikuwa ameilainisha kwapani mwake mwenyewe. Akanionyesha njia ya Moshi kwa kidevu. Akanitoa uani, akanigeuza, akalishika sikio langu la kulia kama unavyoshika sikio la mtoto mchanga, akaanza kuijaza nta, kidogo kidogo, akiishindilia kwa kidole gumba chake kigumu cha mkulima, kona kwa kona, mpaka mfongo, na jogoo, na mama aliyekuwa anaosha vyombo, vyote vikaondoka. La kushoto hakulizungumzia, lilijiziba lenyewe.

Kisha akaenda akasimama mlangoni, nyuma yangu, kama siku za mtihani. Nikangoja matusi. Nilijua anasema kitu, maana mama, aliyekuwa mbele yangu, aliacha kuosha. Alimtazama baba juu ya bega langu. Akainua ncha ya kanga yake akajifuta macho.

Sikugeuka. Nta ilikuwa imeziba sawasawa.

Niliendelea na bunduki miaka mingine sita, na sijapiga tena hata risasi moja bila nta. Yule anayetaka kucheka nilimwacha acheke. Fimbo ya mringaringa niliishika mpaka walipotuletea mabomba. Jioni ya Jumamosi ile niliporudi nilimuuliza baba kwa mikono, ulisema nini? Akacheka kwa ufizi. Alipofariki nikamuuliza mama. Nilimuuliza mara nyingi, kwa miaka mingi, na kila mara alinijibu vilevile, "Muulize aliyesema."